Matofali Yasiyoona Moto

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila mikono imekuwa kama gome la mti.

Unasema kamati ya shule haitaki tena matofali ya kuchoma kwa sababu kuni zimekiacha kilima kipara, na ukikosa kazi ya madarasa yale utafunga kiwanja chako cha matofali. Usifunge! Hapa kazini tunajenga kwa matofali mabichi. Unachekecha udongo, unatia saruji kiduchu, unashindilia kwa mashine ya mkono. Hakuna tanuri. Mhandisi anasema tanuri na viwanda vya saruji vinatoa hewa inayoipasha dunia joto. Nusu ya maneno yake yalinipita, lakini hilo la kuni nililidaka. Bosi ametupa mashine moja kuukuu. Naituma kwa lori.

Mwanao

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unalalamika. Mashine imefika. Tumefyatua, tukaanika juani kama siku zote, yote yakapasuka. Fundi Kelele, anayeitaka kazi ya madarasa kwa matofali yake ya saruji tupu, alipita akauliza, "Mama, hayo matofali au biskuti?" Wake za kaka zako walicheka hadi nami nikacheka, kisha nikaenda kulia jikoni. Kamati inakuja kupima mwisho wa Aprili. Kama umenitania, sema.

Mama yako, muuza biskuti

14 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole. Juani tena! Haya si ya kuanika. Yaweke kivulini, yafunike turubai, yamwagilie asubuhi na jioni mwezi mzima. Saruji iliyomo hukomaa kwa maji. Najua utasema nimerukwa na akili, tofali kunyweshwa kama mche. Yanyweshe tu. Nimechoka, naandika nimelala kifudifudi.

Mwanao

9 Mei

Mama,

Shikamoo. Hamjambo huko? Kamati ilikuja? Hata kama mmekosa, niandikie. Kazini napondaponda vidole kwa mawazo.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba! Sote wazima. Sikuandika kwa sababu mikono haitoki kwenye udongo.

Tuliyanywesha kama ulivyosema, na kamati ikaja. Mwenyekiti alitumbukiza tofali langu kwenye pipa la maji, wakaenda kunywa chai. Chai gani ile isiyoisha! Waliporudi akalitoa: zima. Akaliangusha kutoka begani: zima. Fundi Kelele akasema ni mazingaombwe, akalipanda na viatu vyake, akaruka. Ule mwili unaujua. Tofali kimya, yeye ndiye aliyeshika kiuno.

Madarasa yote tumepewa sisi! Na Fundi Kelele kaja kuomba kazi ya kujenga kuta. Nimempa, ana mkono mzuri akinyamaza.

Jana tulianza kubomoa tanuri. Nilidhani nitaumia, miaka yote ile ya kuchoma. Wake za kaka zako wakanipa nyundo nianze mimi. Nimepiga, mwanangu, nimepiga mpaka wakaninyang'anya.

Mama yako