Leso ya Meneja

Rahma, acha unachofanya usome hapa. Minza, mkemia wetu, katoka Maswa sasa hivi. Sijawahi kumwona amechukizwa hivi.

Si unajua miaka yote alikuwa maabara anapitisha mwanga kwenye gesi? Karudi Simiyu ili apime hewa wanayovuta akina mama wa kile kiwanda cha pamba, wale wanaokohoa mpaka wanashika ukuta. Akatundika kifaa chake chenye kitambaa cheupe cha kunasa vumbi, ili baadaye ausome uchafu wake kwa mwanga. Huo uchafu ndio jibu lenyewe!

Leo kaenda kukichukua, kuna wageni wa mkoa. Kitambaa cheupeee, kinanukia sabuni ya unga.

KIMEFULIWA Rahma. Kimefuliwa na kupigwa pasi!!

Meneja wala haoni haya: "Dokta, wageni wanakuja, tuache uchafu unaning'inia? Tumekusafishia."

Eti wamemsafishia! Sawa, mgeni akija kwetu tunafagia uwanja. Ndiyo mfue na ushahidi?

Subiri. Wageni walipofika, huyohuyo akasimama mbele yao, akakiinua kile kitambaa: "Mnajionea wenyewe, hewa yetu safi." Anasema hivyo leso ipo puani! Kajiziba nayo tangu asubuhi, anasifia hewa asiyotaka kuivuta!

Minza akamfuata palepale, akanyoosha mkono.

"Meneja, naomba hiyo leso nikaipime. Hiyo bado hamjaifua."