Mtumbwi wa Rubisi Uliofunuliwa

Mjukuu wangu Koku,

Huku Muleba hatujambo. Bibi yako anaanika kahawa. Unauliza kwa nini maji ya lile shimo la mgodi bado ni makali kama siki, na vijidudu vya kuondoa huo ukali mmevitia na kuvilisha, nawe unakoroga tope kila mara kuvitazama.

Ujanani tulikamua ndizi, tukatia mtama, tukafunika kwa majani ya mgomba mtumbwi wa kuchachulia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kaka yangu alikuwa anaoa kesho yake, basi kila akipita alifunua kuona kama pombe inachemka. Siku ya harusi pombe ilikuwa siki, wakwe wakanyweshwa chai.

Baba hakugomba. Alisema, “Walio ndani hufanya kazi wakifungiwa.”

Hao vijidudu wako wameshakula. Wafungie mlango: acha kukoroga tope, hewa isiwafikie.

Babu yako