Picha ya dungu la kina Bibi

Salama, acha hizo nguo unazofua usome hii. Babu katudanganya. Babu Hemedy, yuleyule tuliyemsomea hitma juzi.

Kile kitabu cha historia nilichoazima kwa Qusai dukani kina sura nzima ya watu wa bondeni kuhamishwa na serikali mwaka sitini na tisa. Shuleni sikuwahi kuisikia. Sisi tumekua tunaambiwa mafuriko ndiyo yalibomoa dungu la kina Bibi, kile kibanda chao cha juu ya nguzo shambani, wakaja huku Nyamwage.

Si maji, Salama. Si maji.

Kuna picha. Kijana anakata nguzo za dungu kwa shoka ili wenyewe wasirudi shambani. Chini wameandika jina la Babu, lake na la baba yake.

Nikampelekea Bibi. Nilijua atakana. Kaitazama weee, akasema, "Hilo dungu letu."

Nikamuuliza, kwa hiyo ulijua? "Nilikuwepo."

Na ukaolewa naye? "Alikuja kuposa mwaka uleule. Hatukuwa na pa kulala, baba angekataaje?"

Nilikuwepo, anasema. Miaka yote Babu akisimulia mafuriko yake, Bibi anaitikia, "Maji yalikuja, wanangu." Mimi ndiye niliyelia, yeye wala.

Kisha akaweka kidole kwa mzee aliyesimama pembeni na mkeka kichwani. Kumbe ni baba yake. Hana picha yake hata moja.

Akaniambia, "Kanitolee fotokopi ya baba. Huyo mwenye shoka umkate."