Ukili wa Shangazi Somoe

Shangazi Somoe, shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini wewe ndiye uliyenilea. Siwezi kuanza bila salamu.

Arobaini yako imepita. Mpunga wa Mbuchi umeoza wote, na pale palipokuwa na dungu lako, kibanda chako cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga, imebaki nguzo moja. Watu wananiitikia salamu, ila hawakai nami barazani. Haki yao.

Nilikucheka, shangazi. Ulikuja ofisini na ule ukili wako wa miyaa, mafundo ya bamvua, maji makuu ya bahari, upande huu, mafundo ya mto unavyopanda upande ule. Ukasema, "Yanakutana Ijumaa. Asibaki mtu shambani." Nikakujibu mbele ya watu kwamba serikali ina mashine ya hesabu, mafundo ya nini? Ukauacha ukili mezani kwangu, ukaondoka bila kunigombeza. Nami nikazungusha mpini siku nzima, karani mzima, kalamu sikioni. Mashine ikatoa jibu, maji yatafika Jumatatu. Nikawatangazia Jumatatu.

Mashine haikukosea. Karatasi ya Mzungu, bwana mkubwa wa ofisi, ilikuwa na safu ya bahari tu, na bahari peke yake ingefika mashambani Jumatatu. Mto haukuwa na pa kuandikwa. Nami, mtoto wa Rufiji, niliyelala miaka yote juu ya maji yale, niliona aibu kumuuliza. Nikanyamaza. Ee Mola, nilinyamaza!

Ijumaa ukapita dungu kwa dungu ukiwatoa watu. Waliokusikia wako hai. Mama mmoja, aliyejifungua siku tatu nyuma, akasema anangoja Jumatatu ya karani. Ukamrudia. Maji yaliposhuka tuliwakuta ninyi watatu pamoja, na kitoto kimefungwa kwa khanga yako. Waliokuosha wanasema kucha zako zilijaa udongo.

Jana bwana mkubwa kaniita. Anachongesha kibao cha waanzilishi wa hesabu za maji, na jina langu limo, Mwafrika wa kwanza kuzungusha mashine ile. Nikamwambia aandike lako. Akauliza, alisoma shule gani? Nikamwekea ukili mezani, nikamwonyesha fundo la Ijumaa. Akautazama weee, kisha akauomba auweke kwenye kabati la kioo. Nikauchukua, na kazi nikaacha.

Lala, shangazi yangu. Ukili ninao, na naendelea kuufunga mafundo. Masika yajayo mafundo yakikutana, nitapita dungu kwa dungu mwenyewe, nikianzia kwa wanaonichukia. Wakinifukuza, nitarudi, kama ulivyorudi wewe.

Mwanao, Seifu