Maua ya Mama Hayakanyagwi

Nyumbani kwetu,
Jumapili, baada ya mvua.

Dada yangu mpendwa,

Watoto wazima, Mama mzima, mimi na shemeji yako tunakula na tunaamka. Nimeanza na hilo kabla hata ya salamu kwa sababu nakujua: ukiona bahasha nene utaanza kulia hujaifungua. Chiriku wako mzima, hana hata mkwaruzo. Soma polepole, na ukifika katikati ukashikwa na hofu, rudi hapa juu usome tena kwamba Chiriku mzima.

Sasa salamu. Hujambo huko kambini? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Na hao wachimbaji wako, wanashukuru unachowapikia au bado kila mtu anajifanya bingwa wa chumvi? Nimekupigia simu mpaka kidole kimechoka, haipatikani. Dereva wa lori lenu anaondoka kesho alfajiri na amekubali kunibebea barua hii. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asimwachie mtu.

Nianze na mazuri, maana yapo. Chumba cha Chiriku kilikwisha. Ni kile tulichokiongeza nyuma ya jiko, ulichoona picha zake kikiwa bado matofali matupu. Rangi alichagua mwenyewe, bluu ya kupauka, akasema ndiyo rangi ya gauni lako la kazini. Nilimshonea pazia, shemeji yako akamtundikia rafu ya vitabu iliyoinama kidogo upande mmoja, na Chiriku anasema hivyo ndivyo anavyoitaka, vitabu vilaliane. Dirisha lina wavu. Mlango una kitasa kipya, na huyo binti yako alivyo na maneno, wiki nzima alikuwa anakifunga na kukifungua huku akitueleza namna kinavyofanya kazi.

Ngumi wangu naye alibaki na chumba kile cha zamani peke yake. Tulikisugua, tukabadilisha dari iliyokuwa inavuja, tukakipaka rangi ya kijani aliyoililia. Amezoea kulala na binamu yake tangu ulipomleta, kwa hiyo usiku wa kwanza waligonga ukuta na kujibizana mpaka baba yake akatishia kuubomoa.

Baada ya vyumba tukahamia uani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Unakumbuka uwanja wetu ulivyokaa, na lile duara la waridi la Mama katikati kabisa, pale ambapo mtoto yeyote mwenye akili angeweka bembea. Watoto walikuwa wanacheza kwa kulizunguka kama sisi tulivyolizunguka. Shemeji yako akaona tuling'oe, tusawazishe, tupande nyasi, watoto wapate mahali pa kukimbia. Mimi nikaafiki. Nilisema hata kwamba Mama sasa hawezi kuyahudumia, mkono mmoja hauna kazi, na ulimi tangu kiharusi kimshike umebakiwa na maneno ya kuhesabu. Tungempandia mengine kando ya ukuta.

Tulipoanza kung'oa, Mama alikuwa kwenye kiti chake barazani. Akaanza kusema maua. Maua, maua, maua, neno hilo hilo, akipiga fimbo chini. Machozi yakamtoka. Dada, tulimbembeleza kama mtoto. Shemeji yako alimchekesha, akamwambia Waziri wa Maua amestaafu, apumzike. Unajua utani huo wa nyumba hii, hata Baba marehemu alikuwa akimwita hivyo. Tukaendelea kuchimba mizizi, nayo ilikuwa imeshuka chini kweli, nikashangaa waridi gani lina mizizi namna ile.

Yale mashina tuliyoyatupa, Mama aliyafuata kwenye takataka. Tulimkuta ameyapanda kwenye ndoo tupu za rangi, zile zile za chumba cha Chiriku, na udongo umemjaa mpaka kwenye nywele. Nikasema afadhali, amepata cha kumshughulisha.

Ikanyesha mvua ya siku mbili. Jana, Jumamosi, jua likatoka, na watoto wakatoka nalo. Shemeji yako alikuwa anamwaga udongo wa kupandia nyasi, akaacha toroli limejaa katikati ya uwanja akaenda kunywa maji. Chiriku alikuwa pale pale pembeni ya toroli anaruka kamba. Mimi nilikuwa jikoni, nikamsikia anaimba hesabu zake.

Halafu akaja kwangu analia kwa hasira. Bibi kamrushia kikombe cha chai. Kimempiga begani, gauni limelowa. Mama yetu, Dada, ambaye hajawahi kumrushia mjukuu hata neno. Nilimfuta mtoto, nikatoka naye kwenda kumsema Mama, nimeshapanga na maneno ya kumwambia. Nikasikia kitu kama gunia linaangushwa. Nilipogeuka toroli halikuwapo. Uwanja ulikuwapo, nyasi chache zilikuwapo, na katikati pamekuwa peusi.

Nilikaa chini palepale kwenye matope, nikamshika Chiriku gauni, sikumwachia mpaka akalalamika kwamba namwumiza. Mama alikuwa barazani ameinua ule mkono wake mzima, bado umekaa namna ya mtu aliyerusha kitu.

Fundi aliyetujengea chumba alikuja mbio. Alifunga jiwe kwenye kamba akaliteremsha, akateremsha, akaomba kamba nyingine. Ni shimo la choo cha zamani, la kabla hata ya nyumba kuwekwa bomba. Walilifunika kwa magogo, juu ya magogo mabati, juu ya mabati udongo, juu ya udongo waridi. Magogo yameoza yote. Mizizi ndiyo iliyokuwa inaushika ule udongo, na mizizi hiyo tuliing'oa kwa mikono yetu, na majembe tukaazima kwa jirani.

Sasa kumbuka na wewe. Kumbuka ile fimbo. Tulichapwa kwa kuvunja sahani, tukasamehewa. Tulichapwa kwa kutoroka shule, tukasamehewa. Lakini kukanyaga maua ya Mama ilikuwa kesi nyingine kabisa. Wewe una alama kwenye muundi mpaka leo. Na hakuwahi kuyachuma. Mgeni akija, hakukatwa hata ua moja kuwekwa mezani. Tulisema Mama mchoyo wa maua. Tulidhani anapenda waridi kuliko watoto wake.

Nimejiuliza kwa nini hakutuambia tu kwamba kuna shimo. Nadhani nimepata jibu kwa kuwatazama hawa wawili wetu. Tangu jana tumezungushia kamba na miiba, tumewaeleza, tumewatisha, na bado Ngumi nimemkamata mara kadhaa amelala kifudifudi karibu na kamba, anataka kusikia jiwe likifika chini. Mtoto ukimwambia kuna shimo, ataenda kulichungulia. Ukimwambia ni maua ya Mama, atapita mbali.

Ningetamani barua iishie hapa, nikuombe radhi na tumshukuru Mungu. Haiishii hapa.

Wakati fundi anakunja kamba yake aliuliza kitu, akakiuliza taratibu kama anayeogopa kusikia jibu. Alisema, "Shimo likijaa, watu wa zamani walikuwa wanalifunika na kuchimba jingine. Hapa kwenu yalikuwa mangapi?"

Tukatazamana. Shemeji yako ni mkwe tu wa nyumba hii. Mimi nilizaliwa bomba limeshafika. Baba amelala kaburini. Sote tukamgeukia Mama, naye akafungua mdomo, akahangaika, likatoka lile lile: "Maua."

Sasa nisikilize vizuri. Tangu apande yale mashina kwenye ndoo, kila asubuhi Mama alikuwa anaikokota ndoo moja ya waridi kutoka barazani mpaka chumbani kwa Chiriku. Kwa mkono mmoja, akipumzika kila mlango. Anaiweka chini ya dirisha, kati ya kitanda na ukuta, mahali pale pale. Na kila asubuhi mimi niliitoa. Nilimwambia kwa upole, baadaye nikamwambia kwa ukali, kwamba hiki ni chumba cha mtoto si bustani, kwamba anachafua sakafu mpya. Shemeji yako alisema mkwe wake amerudi utotoni. Kesho yake ndoo iko pale tena.

Jana jioni, nikikusanya nguo za Chiriku ili alale nasi maana alikuwa anaogopa, nikaona kitanda chake kimesogezwa mpaka karibu na mlango. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye mdoli wake, "Mama mdogo, Bibi hataki nikanyage pale. Kwa hiyo sipakanyagi."

Nikachukua mpini wa ufagio, nikagonga sakafu kuanzia mlangoni. Ngumu. Ngumu. Katikati ngumu. Chini ya dirisha, mlio ukabadilika, Dada. Ukawa mlio wa debe.

Hapo nikakumbuka. Nyuma ya jiko nako kulikuwa na waridi, tuta dogo, lile lililokauka Mama alipolazwa hospitali, na sisi tuliona nafasi imejisafisha yenyewe. Msingi ulipita kulia na kushoto. Katikati tulijaza udongo, tukashindilia, tukamwaga zege jembamba juu yake, na wewe ukatuma baraka zako. Ule ufa ukutani niliokuandikia, ambao shemeji yako aliuziba na ukarudi, akauziba tena, sikuwa nadanganya niliposema ni plasta mbaya. Nilikuwa sijui. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, lakini hawakusema mtoto amelala upande gani wa ukuta huo.

Chumba nimekifunga na ufunguo nimeuvaa shingoni. Watoto wote wako sebuleni kwenye godoro moja, na mimi nawahesabu kana kwamba wawili ni wengi. Fundi atakuja kesho kuvunja sakafu. Shemeji yako, yule mwenye sauti ya kuamsha mtaa, anatembea ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa ncha za vidole kama mwizi wa kuku. Ningecheka kama nisingekuwa natembea hivyo hivyo.

Ninachokuomba ni kimoja, na ndicho kilichonifanya niandike. Wewe ndiye uliyekuwa unamwagilia. Ulipokuwa msichana mdogo, mimi sijazaliwa au niko mgongoni, Mama alikupa kopo ukazunguka nalo. Ulikuwa unalalamika mpaka ukubwani kwamba utoto wako wote uliishia kwenye maua ya watu. Funga macho uzunguke nalo tena. Unaanza katikati ya uwanja, unakwenda nyuma ya jiko, halafu? Ulikuwa unarudi ndani, au kulikuwa na mahali pengine? Sebule hii Baba aliiongeza lini? Kabla yake palikuwa na nini? Andika hata kama huna hakika, andika unachokiona, umpe dereva huyo huyo. Nisipopata jibu sijui niwalaze wapi.

Shangazi anakusalimu, hajui lolote, nimemwambia tunatengeneza bustani. Jirani yetu mshona viatu anakusalimu, ndiye aliyetuletea mbao za kufunikia. Ngumi anauliza kama huko machimboni kuna mashimo marefu kuliko letu. Chiriku anasema nisikwambie habari ya kikombe, usije ukamkasirikia Bibi. Ameshamsamehe, na amemtengenezea chai nyingine. Mungu akulinde kila unapoweka mguu, na atulinde sisi tusioona tunapoweka wetu.

Leo asubuhi kabla sijakaa kuandika nilifungua kile chumba, nikaingia nikiambaa na ukuta, nikairudisha ndoo ya waridi chini ya dirisha mimi mwenyewe. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilipotoka alinishika uso kwa mkono wake mzima, akautuliza hapo, nikalia. Nilidhani tumemaliza, kwamba amenielewa nami nimemwelewa.

Lakini zile ndoo za rangi alizopanda zilikuwa tatu. Moja ameiweka pembeni ya shimo la uwanjani. Ya pili iko chumbani. Ya tatu ameitoa barazani sasa hivi ninapoandika, anaikokota, na ameshapita jikoni. Watoto nimewatoa nje wakae getini na baba yao. Ninaikatisha barua hapa, Dada, ili nimfuate. Sitamnyang'anya na sitamsemesha. Nitatembea nyuma yake, nikanyage anapokanyaga, mpaka aiweke chini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja.