Vidole vya Mjomba Vimekufa Ganzi, na Lawama Anabeba Mwingine

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisamehe kwa urefu wa barua hii, kwa sababu mimi si mtu wa kuongea, darasani wananiita Maktaba, na jambo ambalo msichana mwingine angelimwambia shoga yake wakiwa njiani kurudi nyumbani mimi nimelibeba tangu muhula uliopita mpaka limenishinda. Nakuandikia gazetini badala ya redioni kwa sababu redio ya karakana yetu iko wazi mchana kutwa na mjomba husikiliza kila kitu, lakini gazeti hasomi, gazeti kwake ni karatasi ya kuchorea umbo la kola na kulikata kwa mkasi.

Mjomba wangu ni fundi wa kola za farasi. Farasi wa mkokoteni havuti kwa mdomo wala kwa mgongo, anavuta kwa mabega, na kati ya mabega yake na mzigo hakuna kingine ila kola, yaani ule mto mnene unaozunguka shingo yake, turubai kwa nje, pamba laini kwa ndani, na katikati sufu iliyochambuliwa vizuri na kushindiliwa kwa kijiti mpaka ikawa ngumu bila kuwa jiwe. Ikimbana kooni anakosa pumzi, ikimlegea inamsugua, na ikiwa na uvimbe ndani, hata mdogo kama punje ya hindi, basi uzito wote wa mzigo unakaa juu ya ule uvimbe, safari baada ya safari, mpaka ngozi inachubuka. Watu wanatoka mbali kuja kwa mjomba. Akimwona farasi anapita tu barabarani anaweza kukuambia kola yake ikatwe vipi kabla hujashika utepe wa kupimia, na kila kola akiimaliza anaitia mshono mmoja wa uzi mwekundu pale juu, kwenye kisogo cha farasi, ili anayeiona ajue imetoka kwa nani.

Mama alipofariki nilikuwa bado sijui kufunga viatu, mjomba akanichukua, na hana mke wala mtoto, ni mimi na yeye tu, kwa hiyo nimekulia chini ya meza ya karakana katikati ya vipande vya turubai. Zamani alikuwa akinitumia kukagua kola. Alikuwa akisema viganja vyake vimeota sugu, hivyo kila akimaliza kushindilia ananiita, "Lete shavu, mama," nami nalaza uso wangu juu ya kola na kuusogeza polepole kutoka juu mpaka chini, na nikihisi kitu namwambia, "Hapa, mjomba," naye anafumua palepale bila kununa. Nilipoingia sekondari akaacha kuniita. Alisema sasa mimi ni mkubwa, nikae na vitabu vyangu, yeye atapapasa kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa mshauri, muhula uliopita nilirudi kutoka shuleni nikamkuta anashona, na nikaona matone mekundu yanamfuata kwenye turubai kila anapopitisha shazia, ile sindano nene ya turubai. Nikasema, "Mjomba, damu!" Akaniuliza, "Ya nani?" Aliuliza kweli, hakuwa anatania, aliinua macho kana kwamba mtu ameingia mlangoni akiwa ameumia, halafu ndipo akatazama mkono wake na kuona kidole kimetobolewa upande mpaka upande. Akacheka, akasema turubai za siku hizi zinakwaruza. Tangu siku hiyo nikaanza kumtazama, na nikaona chai inamuunguza bila yeye kujua, na vifungo vya shati anavifunga kwa kuvitazama.

Kwa hiyo nikaanza kulaza shavu langu kwenye kola kwa siri, anapokwenda kujinyoosha baada ya chakula cha mchana, na nikakuta uvimbe, mara huku mara kule, sufu imejikusanya kama soksi iliyosokotwa. Nikawa nafumua mshono wa ndani, nachambua sufu upya, nashindilia, nashona kwa kuigiza mkono wake, na akiamka anakuja kuipapasa ile kola juu mpaka chini na kuniambia, "Unaona? Mzee bado yupo." Mimi nainamia kitabu changu, nasema ndiyo mjomba.

Halafu ikaja wiki ya mitihani, nikawa nabaki shuleni mpaka jioni, na wiki hiyohiyo kola mpya ya Bibi Harusi ikatoka karakana bila mimi kuigusa.

Bibi Harusi ni farasi jike wa kahawia, ameitwa hivyo kwa madaha anayotembea nayo hata akiwa amebeba matofali, na mwenye farasi huyo ni rafiki wa mjomba tangu ujana wao, tunamwita Taratibu kwa sababu hilo ndilo neno pekee anamwambia farasi wake, hajawahi kushika fimbo. Siku moja akaja mpaka mlangoni akimvuta kwa kamba bila mkokoteni, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi, begi bado mgongoni.

"Fundi, hebu toka umwone huyu," akasema, "bega limechubuka, sielewi."

Mjomba akatoka na utepe shingoni, akaangalia kidonda, akauliza, "Kola unaifua?"

"Kila jioni."

"Unaianika wapi?"

"Kivulini, kama ulivyonielekeza."

"Basi unampakia kupita kiasi."

"Mimi, fundi? Mimi huyu?"

Mjomba akaichukua kola, akaipapasa pande zote mbili mbele ya watu waliokuwa wanapita, akasema, "Hii haina kitu. Au unataka kusema kazi yangu ndiyo mbaya?"

Taratibu akasema kwa sauti ndogo, "Sijasema hivyo. Nani anaweza kusema hivyo?" Na kijana mmoja wa kupakia matofali akapiga kelele, "Kumbe Taratibu akiwa peke yake ni Haraka!" watu wakacheka, na mjomba akamwambia rafiki yake asipite tena mlangoni kwake mpaka ajifunze kumtunza mnyama. Mimi nilisimama palepale na begi langu. Sikusema neno.

Baadaye nilikwenda kwa Taratibu. Nilikuta kola inaning'inia kivulini, safi, haina hata alama ya jasho, nikalaza shavu, na uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, palepale penye kidonda. Bibi Harusi alikuwa amesimama ameliegemeza bega zima ukutani ili lenye kidonda lisiguswe na kitu. Taratibu akaniambia, "Labda mikono yangu imezeeka, binti, labda siku hizi simfungi vizuri. Mwambie mjomba wako nitajirekebisha." Mshauri, yeye anajilaumu, hajawaza hata kidogo kwamba kola yenye uzi mwekundu inaweza kukosea.

Sasa chama cha wenye mikokoteni kitakaa mwisho wa mwezi kuamua kama Taratibu afukuzwe kwenye kituo cha mikokoteni kwa kumtesa farasi, na wamemwomba mjomba aende atoe neno la fundi, naye amekubali, ameshapiga pasi shati. Akifukuzwa hana kazi nyingine, na atalazimika kumuuza Bibi Harusi kwa mtu yeyote atakayetokea. Nikisema ukweli namwaibisha mtu aliyenilea, na kazi hiyo ndiyo roho yake. Nikinyamaza Taratibu anaangamia kwa kosa ambalo si lake. Nimefikiria kuichukua ile kola kwa siri niirekebishe na kuirudisha, kidonda kipone, maneno yaishe yenyewe. Pia nimechora kola ya aina yangu, inayofunguka juu kwa mkanda wenye matundu ili ipanuliwe au ipunguzwe farasi anaponenepa na kukonda, na kitambaa chake cha ndani kinavuliwa na kufuliwa peke yake, lakini sijamwonyesha mjomba, naogopa ataona namwambia muda wake umekwisha. Nifanye nini? Tafadhali usicheleweshe jibu.

Ni mimi, Maktaba.

Maktaba, mwanangu,

Marahaba. Jibu hili nimekutumia kwanza kwa bahasha, kwenye anwani ya shule, na gazetini litatoka baada ya kile kikao, ili mjomba wako asije akasikia habari zake kutoka kwa muuza magazeti.

Pole. Umebeba mzigo wa watu wazima wawili na farasi mmoja, na umeubeba kwa mapenzi, hilo naliona katika kila mstari. Sasa kaa vizuri, kwa sababu nina la kukugombeza.

Unaandika kana kwamba kosa lako ni kunyamaza siku ile mlangoni. Hilo ni dogo. Ulikuwa mtoto mmoja mbele ya umati. Kosa kubwa lilianza kabla, na wewe uliliita msaada. Kila kola uliyoifumua kwa siri ilirudi mikononi mwa mjomba wako ikiwa nzuri, akaipapasa, akaambiwa na kazi yako kwamba vidole vyake ni vizima. Alipomwambia Taratibu "hii haina kitu" hakuwa mwongo. Alikuwa na ushahidi, na ushahidi huo ulimtengenezea wewe, mchana baada ya mchana, yeye akiwa amelala. Mtu aliyekuwa akifumua palepale bila kununa kila ulipomwambia "hapa, mjomba" ulimnyima nafasi ya kufumua. Na sasa unataka kumfanyia hivyohivyo kwa mara nyingine na ile kola ya Bibi Harusi! Usiiguse. Ukiirekebisha kwa siri utakuwa umefuta kitu pekee kinachoweza kumwokoa Taratibu.

Fanya hivi. Leo hii, kabla ya chochote, nenda kwa Taratibu umwambie Bibi Harusi asivalishwe kola yoyote mpaka ngozi ifunge, na kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Kama kina usaha, aitwe daktari wa mifugo. Muombe kola waziwazi, mwambie unampelekea mjomba aikague tena. Hiyo ni kweli tupu, huna haja ya kuongeza.

Kisha chagua wakati mko wawili tu, mlango umefungwa, redio imezimwa. Usimwandikie mjomba barua. Najua ndiyo silaha yako, lakini hapa iweke chini. Mwekee kola mezani, upande wa kushoto ukiwa juu, umwambie maneno aliyokufundisha mwenyewe: "Lete shavu, mjomba." Atakataa, atauliza unacheza mchezo gani. Rudia. Shavu lake halijafa ganzi, hata kama lina ndevu. Akiinama na kufika pale penye uvimbe, wewe nyamaza. Unajua sana kunyamaza, na safari hii kutafaa. Usimtolee machozi mapema, usimwambie "si neno", maana ni neno. Muache mzee aondoe uso wake pale mwenyewe, kwa muda wake. Akiuliza tangu lini, mjibu yote, pamoja na kola ulizofumua. Atakasirika, na ana haki.

Akishatulia, mpeleke hospitali. Umenieleza kidole kilichotobolewa na chai inayounguza kana kwamba ni siri ya familia. Ganzi ya namna hiyo ni ugonjwa unaohitaji kupimwa, na kila siku mnayoificha inawagharimu vidole.

Kikaoni aende, na lile shati alilolipiga pasi alivae. Lakini kabla ya kikao aende kwa Taratibu kwa miguu yake, aseme kwa mdomo wake, na kikaoni aseme tena mbele ya watu, kwa sababu rafiki yake alidharauliwa mbele ya watu. Akikataa kabisa, usimsimange. Mweleze mwalimu unayemwamini, nendeni naye kwa mwenyekiti wa chama na kola mkononi, kila mmoja pale alaze shavu lake. Itakuuma. Lakini jina la mjomba wako litapona akisema kweli, na Taratibu akishafukuzwa, Bibi Harusi akishauzwa, hakuna fundi wa kulirudisha hilo.

Na mchoro wako mtolee. Jicho linalompima farasi akiwa anapita barabarani halina ganzi. Akate yeye, achore yeye, apime yeye, na atafutwe mtu mzima wa kushindilia, siyo wewe. Wewe una shule, na shule huachi, nimesema. Kazi yako iwe ile ya zamani, ya shavu, kila kola kabla haijapata uzi mwekundu, mchana kweupe, yeye akiwa macho.

Ukurasa huu ukitoka, usiufiche chini ya godoro. Mpe mjomba. Umesema hasomi gazeti, basi asiusome. Ni mpana wa kutosha. Achoree kola mpya ya Bibi Harusi juu yake, hapahapa tulipoandika, akate kwa mkasi wake.