Shikamoo Juu ya Gurudumu Moja

Tlawi,
Mbulu.
26 Oktoba 2024

Mpendwa Baba Mdogo Sylvester,

Shikamoo. Habari za Ujerumani, na za kazi yako ya kutengeneza baiskeli? Mgongo umepata nafuu? Mama Mdogo Irene na watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, lakini jembe hajaliweka chini. Mvua bado.

Sasa tafuta pa kukaa, maana habari hii nimeshindwa kuishi nayo peke yangu. Ile baiskeli ya gurudumu moja uliyonitumia mwaka jana bado ni yangu. Nasema bado, kwa sababu ilibaki kidogo tu iwe toroli.

Unamjua kaka yako. Tairi la toroli letu lilipokufa, mama akaanza kubeba samadi kwa ndoo kichwani, na kila baba akiniona juu ya kiti changu anasema Sylvester alituma toroli zima, ni watu wa ndege tu waliosahau kupakia sanduku lake la kubebea mzigo. Siku moja nilimkuta anapima ekseli ya gurudumu langu kwa kamba.

Lakini kosa nilifanya mimi, sikatai. Mwezi wa sita nilikuwa nashuka mteremko wa kanisani kwa kasi, nikampita Bibi Efrazia, nikamrushia shikamoo nikiwa nimeshampa mgongo. Kile kitu hakina breki ya ghafla, ungekuwepo ungenitetea. Jioni bibi alikuwa amekaa kwetu, akimweleza baba kwamba binti yake, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, anasalimia wazee kwa mgongo. Baba aliona aibu. Mimi nililia.

Asubuhi akatoa hukumu yake. Tukienda Dirma mwezi wa kumi kuwaona ng'ombe wetu anaotutunzia Mzee Akonaay, nipande gurudumu kutoka korongoni mpaka nyumbani kwa mzee, kama kilomita sita. Mguu ukigusa chini, hata kidole, gurudumu linaenda kwenye toroli. Nikifika salama, hatalisema tena, na samadi ya mama ataibeba yeye. Hilo la mwisho alilisema kwa dharau, ila mama alilisikia.

Miezi yote minne nilifanya mazoezi. Na kwa kuwa sauti ya Bibi Efrazia haikunitoka masikioni, nilijifunza nyuma ya jiko kusimama juu ya gurudumu bila kwenda popote. Unasukuma pedeli nusu mbele, unarudisha nusu nyuma, hivyo hivyo. Nilikuwa nafika hesabu ya thelathini, halafu naanguka.

Jumatatu ndiyo tukaenda. Dirma sasa hivi huioni nyasi, ni vumbi jeupe na miiba. Kabla ya kupanda nilipunguza upepo ili tairi lisizame mchangani, baba akatabasamu akidhani limeshapata pancha. Nikamwacha afurahi. Kaka Yonas alimpakia kwenye pikipiki wakanifuata nyuma, baba akichungulia miguu yangu kama mkaguzi.

Baba Mdogo, sijawahi kuona raha kama ile. Njia za ng'ombe ni nyembamba, baiskeli ya kawaida ingehangaika, lakini gurudumu langu lilikaa humo kama limezaliwa humo. Mchanga uliniyumbisha mara mbili, mapaja yakawaka moto, nikasonga. Nikayaona maboma. Zilibaki hatua mia mbili.

Na hapo katikati ya njia, na fimbo yake, alikuwa amesimama Mzee Akonaay mwenyewe, ametoka kutupokea.

Macho yake yamefifia siku hizi. Aliona mtu anakuja, akanyoosha mkono. Nyuma nilisikia pikipiki inazimwa. Nikishuka, gurudumu limekwenda. Nikipita, namwaibisha baba mara ya pili, tena mbele ya mtu anayelisha ng'ombe wake. Nikaanza mbele nusu, nyuma nusu.

"Shikamoo babu."

Akaitikia marahaba, akaushika mkono wangu asiuachie. Wa kushoto nikauweka chini ya kiwiko, kama inavyotakiwa. Akauliza mimi ni wa nani. Akauliza hali ya mama, maharage, mvua za Mbulu, barabara ya Maretadu, na kama padri wetu bado ni yule mrefu. Thelathini ilipita zamani. Jasho lilinichuruzika mpaka kwenye meno, na kila swali nililijibu kikamilifu.

"Mjukuu wangu, mbona hutulii? Una haraka?"

"Sina haraka, babu. Ni kiti changu ndicho hakitulii."

Aliinama, akalitazama gurudumu kwa karibu, akalipapasa kwa fimbo. Kisha, mzee wa miaka themanini na kitu, akasogea pembeni ya njia akanipisha. Nikaingia bomani nikiwa juu, na wanawake wa pale wakanipigia vigelegele.

Baba alikagua soli za viatu vyangu, moja moja. Halafu akamwambia Mzee Akonaay, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nimalize shule, "Huyu ndiye Hilda wangu."

Salamu nyingi kwa Mama Mdogo Irene, Kelvin na Letisia mdogo. Yonas anakusalimu, na Bibi Efrazia pia, ambaye sasa nashuka kumsalimia hata akiwa mbali. Mama anakusalimu akiwa amekaa mlangoni na chai yake. Baba anakusalimu pia, lakini kwa haraka, maana amepita dirishani sasa hivi na ndoo kichwani, safari ya saba tangu asubuhi. Anaomba, ukimpata mgeni mwingine wa kuja huku, utume tairi la toroli.

Mungu akulinde huko kwenye baridi, na mikono yako isiishiwe kazi.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Hilda